Tulivyoziahirisha Pete za Zohali

Kwetu huku milimani hakuna jambo la maana linalofanyika kabla ya Desemba. Bati likivuja Februari, litasubiri Desemba. Kaburi la babu likihitaji saruji, Desemba. Mjomba akikosana na mkewe mwezi wa tatu, wataendelea kukosana kwa adabu mpaka ukoo upande kutoka Dar, Arusha na Tanga, ukae kikao, mwenyekiti afungue kwa sala, katibu asome kumbukumbu za mwaka uliopita, ndipo wawili wale waruhusiwe kupatana. Mimi nilizaliwa Agosti, na mpaka leo nashangaa nilipewa kibali na nani.

Kwa hiyo hata pete za Zohali nazo zilisubirishwa Desemba.

Baba yangu alifundisha shule ya msingi huku Upare kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo upande wa Bombo. Kila mwaka, somo la sayansi likifika kwenye mfumo wa jua, alichora sayari zote ubaoni kwa chaki nyeupe, halafu akatoa mfukoni kipande cha chaki ya njano alichokitunza kwa kazi hiyo tu, akaizungushia Zohali pete zake. Alizichora kwa mkupuo mmoja, bila kufuta. Nilikuwa mwanafunzi wake darasa la sita, na nilichapwa kama wengine na zaidi kidogo, ili watu wasije wakasema anapendelea. Namshukuru sana kwa haki ile.

Nilipomaliza chuo nilirudi kufundisha fizikia kwenye sekondari ya kata, nikajenga kijumba changu kwenye kiwanja cha Baba, hatua kama arobaini kutoka mlangoni kwake. Mama alikuwa ameshatangulia. Cheti changu cha digrii nilikitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa hata akijitahidi.

Jioni moja tulikuwa tunakula makande, maana Mpare akila kitu kingine jioni majirani wanakuja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia Baba kwamba alitufundisha uongo. Alikuwa akituambia Zohali peke yake ndiyo yenye pete. Nikamweleza kwamba Mshtarii nayo ina pete, Uranusi ina pete, Neptuni ina pete, ila ni hafifu, za vumbi na mawe meusi, si kama zile za Zohali za barafu inayong'aa. Akatafuna taratibu.

"Umeziona?"

"Sijaziona, Baba. Ni vyombo vilikwenda vikapiga picha."

"Hujaziona. Basi kula."

Ningekula yakaisha. Lakini mdomo huu niliozaliwa nao haujawahi kujua saa ya kufunga duka.

"Na wewe za Zohali umeziona?"

Akaweka kijiko chini. Nilitegemea anigombeze, na kusema kweli ningependa anigombeze. Badala yake akasema, "Sijaziona. Miaka yote ile nimewafundisha watoto wa watu kitu ambacho sijakiona." Akainuka akaenda kulala, na bakuli lake liko nusu. Baba si mtu wa kuacha makande. Nilijisikia vibaya, ila si vibaya kiasi cha kwenda kuomba radhi.

Wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaondoka kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa bado linaona vizuri katikati, lakini pembeni giza, na lile giza lilikuwa linabana kila mwaka. Mwenyewe alisema anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Asubuhi ya pili akaniita. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema, "Nataka kuziona hizo pete. Bomba likiwa bado halijaziba."

Ieleweke kwamba Baba hajawahi kuniomba kitu. Huwa anaagiza. Siku ile aliomba.

Shuleni kwetu kulikuwa na darubini. Mgeni mmoja wa kujitolea aliiacha alipoondoka, na shule, kwa kuithamini mno, iliifungia stoo pamoja na mipira iliyopasuka na kwato za ng'ombe za somo la biolojia. Niliandika barua, nikasaini daftari, nikaapa kwamba ni mali ya serikali na nitaitunza kuliko roho yangu. Nikaipandisha nyumbani kwa bodaboda, nimeikumbatia kama bibi harusi, na dereva akaniuliza kama ni bomba la kupulizia dawa ya kahawa.

Ilikuwa Septemba, anga safi. Saa mbili kamili usiku niliisimamisha uani kwa miguu yake mitatu, nikaielekeza kwenye ile nyota ya rangi ya siagi isiyopepesa, nikachungulia. Jamani! Ilikuwa ndogo, ukubwa wa punje ya ulezi, lakini ilikuwa na pete. Zimeinama upande, zimeizunguka kama ukingo wa kofia ya pama, na kati ya pete na sayari kuna upenyo mweusi kabisa. Nilipiga kelele peke yangu, mbuzi wakaamka. Mlango wa Baba ulikuwa wazi na redio yake inasoma taarifa ya habari. Niliweza kusikia habari za bei ya mbaazi.

Mtu mwenye akili timamu angetembea zile hatua arobaini. Mimi nilichukua simu nikaandika kwenye grupu la ukoo.

Kaka yangu mkubwa ndiye mwenyekiti wa ukoo. Yuko bandarini Dar, na anaongea na sisi kama makontena yaliyokwama. Alijibu kwa sauti, dakika tatu nzima. Alinipongeza. Kisha akasema jambo la Mzee ni la wote, nisimwonyeshe peke yangu halafu wengine wasimuliwe. Tusubiri Desemba, tulifanye kwa heshima, watoto wote wawepo, na picha zipigwe. Chini yake ikashuka mikono ya sala kumi na mmoja. Dada yetu, ambaye ni muuguzi Moshi, peke yake ndiye aliyeuliza, "Kwani akizitazama leo, Desemba zitakuwa zimeisha?" Hakuna aliyemjibu. Maswali ya maana kwenye grupu lile hayana kawaida ya kujibiwa.

Ningeweza kumsingizia kaka mpaka kesho, na nimefanya hivyo sana. Lakini ukweli ni kwamba lile wazo lilinipendeza. Nilijiona nimesimama mbele ya ukoo mzima, mimi mtoto wa tatu, niliyebaki kijijini na mshahara wa ualimu, nikimfungulia Mzee mbingu huku wenye magari wakinipigia makofi. Nikaandika, "Sawa mwenyekiti." Nikaendelea kutazama peke yangu siku nne nyingine.

Basi Desemba ikaja, na mvua nayo ikaja. Si mvua ya kunyesha ikaondoka. Ni ile ya kwetu, ukungu unashuka mpaka unaingia jikoni, huoni mgomba ulio mbele yako sembuse sayari. Baba alikaa uani jioni nne mfululizo na koti lake la shule na kofia ya sufu. Jioni ya tano kikao kiliketi, kikajadili mawingu, kikaazimia kwamba jambo la pete za Zohali liahirishwe hadi Desemba ijayo. Katibu aliandika. Lilikuwa agenda ya sita, kati ya choo cha shangazi na mengineyo.

Septemba iliyofuata darubini ilikuwa imefungiwa tena. Tulikuwa na mkuu mpya wa shule, na barua yangu ilihitaji barua ya kuiombea barua. Niliipata Novemba inakwisha. Desemba anga ikawa nzuri mno, lakini gari la kaka likaharibika Korogwe, na kwa simu akasema, "Msifungue kabla sijafika." Msifungue! Utadhani ni zahanati inayomsubiri mgeni rasmi akate utepe. Tukasubiri. Alifika Januari mbili. Darubini nilikuwa nimeshairudisha kwa ajili ya ukaguzi wa mali. Baba alisema hakuna neno. Alisema hivyo huku akipapasa ukuta kutafuta mlango.

Mwaka wa tatu sikuhangaika hata kuijaribu kabla. Ya nini? Nilishaziona. Pete zimekaa pale tangu kabla ya Adamu, zitakwenda wapi? Nikajiandaa kwa mambo makubwa zaidi, yaani hotuba.

Desemba ile kila kitu kilikubali. Gari la kaka lilifika. Dada alimleta Baba kutoka kliniki ya macho Moshi, na njia nzima kutoka Same kupanda huku, aliniambia, Mzee hakutoa neno. Nikadhani ni kona. Anga ilikuwa nyeupe kwa nyota. Viti vya plastiki vikapangwa. Saa moja na nusu jioni kaka akasimama, akafungua kwa sala, akawashukuru waliosafiri kutoka mbali, kisha akanikaribisha "mtaalamu wetu". Nilizungumza robo saa. Nilieleza barafu, nilieleza umbali, nilitaja digrii yangu kwa bahati mbaya mara mbili.

Zohali ilikuwa juu sana, karibu utosini, na hiyo maana yake ni kwamba kitundu cha kuchungulia kilikuwa chini, kimo cha goti. Nikatandika gunia la kahawa. Kuona, lazima upige magoti. Mimi mtaalamu nikatangulia kupiga, nikachungulia.

Duara. Duara tupu la njano, limekaa pale kama kidonge.

Nikafuta kioo kwa shati. Nikachungulia tena. Duara. Nikakaza jicho mpaka machozi yakatoka, nikaona kitu kama uzi umelikata katikati, mwembamba kiasi kwamba sikuwa na hakika kama ni uzi au ni kope. Nikainuka, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, "Iko tayari. Karibuni."

Kaka alipiga magoti kama mwenyekiti. "Pete ziko wapi?"

"Subiri jicho lizoee."

"Limezoea."

Wakafuata kwa umri. Ukoo mzima, Walutheri watupu, walipiga magoti mmoja mmoja kwenye gunia mbele ya Zohali. Mchungaji angepita njiani siku ile tungefukuzwa ushirika wote. Shangazi alisema anaona kitu lakini anafikiri kiko ndani ya jicho lake. Mpwa wangu mmoja akasema, "Anko, hii si punje ya hindi?" Wakacheka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono juu ya fimbo, anasubiri zamu yake. Aliamua mwenyewe kuwa wa mwisho, kama alivyokuwa akila mwisho kwenye sherehe za shule.

Sisi Wapare kwa kesi hatujambo. Kabla sijamaliza kufuta kioo mara ya tatu, kikao cha dharura kilikuwa kimeshaketi na mimi ndiye mshtakiwa. Shtaka la kwanza, nimeelekeza chombo kwenye nyota nyingine. La pili, nimekiharibu kwa bodaboda. La tatu, lililoletwa na shemeji ambaye hata hakuulizwa, kwamba pengine zile pete sikuziona kabisa, nilitaka sifa tu. Kaka akauliza kama nina shahidi. Nikamwambia shahidi ni mbuzi.

Nikakimbilia nyuma ya choo, ndiko kwenye mtandao. Nikaperuzi simu nimeishikilia juu kama mtu anayeomba mvua. Nikasoma.

Pete za Zohali ni pana kupita kiasi, ingeweza kukaa Dunia juu yake na zikabaki. Lakini ni nyembamba; unene wake hata kilima cha nyuma ya shule yetu kinauzidi. Na kwa kuwa Zohali imeinama katika mzunguko wake, kila baada ya miaka kumi na mitano hivi zinatugeuzia ukingo, kama ukiishika karatasi usawa wa jicho. Zinakuwa uzi. Zinakuwa hakuna. Na mwaka uliochaguliwa na ukoo wetu, baada ya maahirisho mawili yaliyoandikwa kwa mkono mzuri wa katibu, ndio mwaka huo. Septemba ile ya kwanza zilikuwa zimefunguka vizuri. Mwaka uliofuata zilikuwa zimebana. Sasa zilikuwa zimefunga. Maelezo yote haya yapo kwenye kitabu chochote cha maana, na mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi nikawaambia. Yakafuata maguno, kisha kaka, ambaye kazi yake ni kutatua, akanivuta pembeni. Pembeni yenyewe ilikuwa hatua nne kutoka kwa Baba. Akanong'ona kwamba Mzee anaona kidogo tu. Tutafute picha nzuri ya Zohali kwenye simu, tuisogeze mbele ya kitundu, aone pete zake, alale na furaha yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutafuta picha.

"Mimi nimepofuka," Baba alisema kwa sauti ya darasani. "Kiziwi bado."

Akaja na fimbo yake. Dada alitaka kumshika mkono, akaukataa. Kupiga magoti kulimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kusaidia. Nikauongoza uso wake kwenye kitundu, nikaisogeza darubini kidogo kidogo maana sayari huwa inateleza ikatoka. Akakaa pale. Sijui muda gani.

"Nimeiona," alisema. "Duara. Rangi ya njano. Na kuna uzi umepita katikati, umechungulia nje kidogo huku, na huku."

Tulikuwa watu zaidi ya ishirini pale wenye macho mawili mawili, na yeye kwa kile kipande cha jicho ndiye aliyeona vizuri kuliko wote.

"Ndizo zenyewe, Baba. Zimetugeuzia ukingo."

"Zitageuka lini?"

Nikamweleza kama mwalimu kwa mwalimu. Zimeshaanza kugeuka. Mwezi wa tatu Zohali itapotea upande wa jua, hatutaiona. Ikirudi, kufika Septemba pete zitakuwa zimefunguka, zitaonekana.

"Septemba," alisema.

"Septemba, Baba. Safari hii hatusubiri mtu. Nitakuita siku ya kwanza."

Dada akageuka akatazama upande wa migomba, mabega yanamtikisika. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee hakutoa neno njia nzima kutoka Same. Baba mwenyewe ndiye aliyelitamka, bado amepiga magoti, bado amegusisha uso kwenye chombo.

"Daktari anasema hili jicho Pasaka halifiki."

Nikaisogeza tu darubini, sayari isimtoke. Mimi! Niliyekuwa nimeongea robo saa nzima kuhusu barafu.

"Na wewe uliziona kweli?" akauliza. "Au ni kama shemeji yako anavyosema?"

"Niliziona, Baba."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tisa."

"Hapa?"

"Hapa hapa nilipo."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema alikuwa amelala. Angalau hilo ningeweza kumpa.

"Ulikuwa ndani, unasikiliza taarifa ya habari."

Akatoa uso kwenye kitundu, akanitafuta kwa lile jicho, akalihangaisha mpaka likanipata. Hakuwa na hasira. Nilimjua Baba mwenye hasira miaka yote, ningejua la kufanya. Akaweka mkono begani kwangu, akanielemea kwa uzito wake wote, akainuka.

"Ungeniita tu, mwanangu," alisema. "Ningetoka hata bila viatu."